Nafasi ya mtungi wa gesi, mashine ya vyombo: lazima slabu ikatwe?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mdogo wangu anayeishi Uingereza amenitumia mashine ya kuoshea vyombo kwenye kontena. Ni ile inayosimama yenyewe, ameitumia miaka mitatu. Upana wake ni sentimita 60, urefu 85, kina 60. Jiko langu hapa Tanga lina slabu ya zege yenye graniti juu, na chini yake makabati ya mbao. Kati ya sinki na kabati la droo kuna uwazi tunapoweka mtungi wa gesi. Nimepima: upana 60, urefu kutoka sakafuni hadi chini ya slabu 83. Fundi aliyejenga jiko anasema tuikate slabu kwa chini sentimita tatu, kazi ya siku moja. Mume wangu anasema tuiuze tu, maji yetu yenyewe ni ya tangi la mnarani, leo ya mamlaka, kesho ya kisima. Nifanyeje?

JIBU: Salama, dada yangu. Kwanza mwambie huyo fundi aweke grenda chini. Slabu haikatwi.

Slabu ya jikoni ni zege lenye nondo, na nondo zake hukaa upande wa chini, kwa kuwa huko ndiko zege linakovutwa likibebeshwa mzigo. Chini ya nondo hizo kuna ganda la zege la sentimita mbili hivi, na mara nyingi pungufu ya hapo. Ukila sentimita tatu kutoka chini, umezikata nondo zote za sehemu ile, na juu yake kuna graniti, na pembeni kuna tundu la sinki. Haitaanguka siku hiyo. Utaanza ufa mwembamba kwenye kona ya sinki, maji yatapenya, nondo zilizobaki zitashika kutu, na kwa hewa ya bahari mliyo nayo hazitakawia. Nondo ikivimba kwa kutu, zege linabanduka vipande vipande. Nimeitwa kwenye nyumba mbili za namna hiyo, na zote mbili tulivunja jiko zima.

Isitoshe, sentimita hizo tatu huzihitaji. Mashine nyingi zinazosimama zenyewe zinazouzwa Ulaya zina kifuniko cha juu kinachotoka. Kile kibao kipo ili mashine ikikaa peke yake iwe na uso kama wa meza. Ikiingia chini ya kaunta hakina kazi. Kwa kawaida kuna skrubu mbili upande wa nyuma. Ukizifungua, kifuniko kinasukumwa kidogo na kuinuliwa. Urefu unashuka kutoka 85 hadi karibu 82, na nyingine hadi 81.5. Zipo chache ambazo mtengenezaji hakuruhusu kifuniko kitolewe, kwa hiyo soma kitabu kwanza. Kama hakikuja na mashine, fungua mlango utazame kibandiko kwenye ukingo wake, chukua namba ya modeli, ukitafute kitabu mtandaoni. Kama skrubu hazipo au kitabu kinakataza, usilazimishe kwa bisibisi. Halafu kaza miguu iingie ndani hadi mwisho. Huwa inazunguka, na mingine ya nyuma hurekebishwa kwa skrubu iliyo mbele, chini kabisa.

Basi tuna 82 ndani ya 83. Kwa karatasi, imeingia. Ila vipimo vyako bado sijaviamini, na usichukie, sijaviamini hata vyangu vya mara ya kwanza.

Uwazi wa jiko la kujengwa si sanduku. Kuta zake ni tofali lililopigwa plasta kwa mkono, na plasta ina matumbo. Chukua tepu upime upana mara tisa: chini, katikati na juu, na kila kimo upime mbele, katikati na nyuma. Namba unayoitaka ni ndogo kuliko zote. Mashine ya sentimita 60 kwa kweli huwa 59.8, kwa hiyo ukuta ukiwa na nundu ya milimita tano tu katikati, mashine itakwama nusu ndani nusu nje, na hapo ndipo watu huanza kuisukuma kwa goti na kukunja bati la ubavuni. Urefu nao upime chini ya ukingo wa mbele wa kaunta. Mafundi wa graniti hupenda kubandika kipande cha pili mbele ili kaunta ionekane nene, na kipande hicho hushuka chini kidogo. Ukipima nyuma yake unapata 83, mlangoni kumbe ni 81. Na kama kabati la droo lina fremu ya mbao usoni, pima kati ya fremu na ukuta. Maseremala wetu wengi huweka fremu ya mbele inayokula sentimita mbili ambazo ndani huzioni.

Ukikuta pungufu kwenye upana, parua plasta ya ukuta, au ondoa ubao wa pembeni wa kabati la droo uweke mwembamba zaidi. Plasta huwa na sentimita moja na nusu hivi na haibebi kitu. Ukikuta pungufu kwenye urefu, na kifuniko kimeshatoka, basi shuka sakafuni: toa marumaru na saruji iliyo chini yake ndani ya uwazi ule tu, utapata sentimita mbili hadi tatu. Siipendi sana njia hii, kwa sababu mashine inakaa kama ndani ya kisahani, na siku ikivuja maji yanatuama chini yake bila wewe kuyaona. Lakini ni bora kuliko kugusa slabu. Ukifanya hivyo, pale chini pasakafiwe pawe laini na pateremke kidogo kuja mbele, na ngazi ya mbele iwe fupi ili mashine iweze kutolewa tena.

Kutolewa tena ni neno ambalo wengi hulisahau. Miaka ya nyuma nilifunga mashine kwenye nyumba ambayo sakafu ilikuwa haijamalizika. Nikaondoka. Fundi wa marumaru akaja baadaye, akapanga marumaru hadi kwenye miguu ya mbele ya mashine, safi kabisa. Mwaka wa pili pampu ikaziba kwa mbegu za limau, nikaitwa. Mashine haikuweza kuinuka kwa juu kwa sababu ya kaunta, wala kuja mbele kwa sababu ya marumaru. Tulivunja marumaru tisa kwa ajili ya mbegu za limau. Kwa hiyo sakafu ya ndani ya uwazi na ya mbele yake ziwe usawa mmoja, kama hakuna sababu ya kulazimisha vinginevyo.

Sasa acha tepu kwanza. Kabla hujamlipa mtu hata shilingi, itoe mashine uani uiwashe. Imekaa kwenye kontena miezi, imelazwa au imebinuliwa, raba zake zimekauka. Iweke mahali palipo sawa, unganisha mpira wa maji kwenye bomba la bustani, mpira wa kutolea maji machafu uuninginize kwenye ukingo wa ndoo kubwa, na umeme uvute kutoka kwenye soketi ya karibu. Iendeshe mzunguko mzima ikiwa tupu, kifuniko kikiwa bado juu. Tandika magazeti chini ya mashine uone kama yatalowa. Mashine iliyovuja uani utaitengeneza ukiwa umesimama. Iliyovuja ndani ya uwazi utaitengeneza ukiwa umelala kifudifudi.

Ikipita mtihani huo, tuje kwenye maji. Hapa ndipo mume wako anapoweza kushinda, maana katika mashine nilizokuta zimeachwa kuwa kabati la kuhifadhia sufuria, nyingi hazikushindwa na nafasi. Zilishindwa na maji.

La kwanza ni presha. Kwenye kitabu utaona imeandikwa kitu kama 0.05 hadi 1 MPa, au 0.5 hadi 10 kwa kipimo cha baa (si ile ya bia). Kumbuka hesabu moja: maji yaliyo mita 10 juu ya koki yanatoa baa moja. Sasa tazama mnara wako. Kama kitako cha tangi kiko mita nne kutoka ardhini, na koki ya mashine iko nusu mita kutoka sakafuni, umebakiwa na mita tatu na nusu, yaani baa 0.35. Kwa mashine inayotaka kuanzia 0.3 utapita kwa shida. Kwa inayotaka 0.5 hutapita. Itasubiri maji, itachoka, itawasha taa yenye alama ya bomba na kusimama, nawe utadhani imekufa. Njia rahisi ya kupima ni kufungua bomba la jikoni hadi mwisho na kujaza ndoo ya lita 10 huku ukitazama saa. Mimi nikiona dakika imepita na ndoo haijajaa, nashauri pampu ndogo inayojiwasha yenyewe bomba likifunguliwa, ifungwe kwenye bomba litokalo tangini. Isiwekwe kwenye bomba la mamlaka moja kwa moja, utawanyonya majirani.

La pili ni aina ya maji, na hapa sema na mume wako vizuri maana amegusa penyewe. Maji ya mamlaka hapo kwenu hutoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara. Hayo siyaogopi, shida yake ni tope wakati wa mvua, na tope linazuiwa na chujio la bomba. Maji ya kisima ni habari nyingine. Umewahi kufika mapango ya Amboni? Yale mawe ni ya chokaa, na maji yanayopita kwenye mawe ya namna ile huja na chokaa yake. Ndiyo inayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Ndani ya mashine huziba vitundu vya mikono inayorusha maji na kuvika hita koti.

Mashine ina dawa yake kwa chokaa: chini, ndani, kuna mfuniko wa kuzungusha, na humo hutiwa chumvi maalumu inayosaidia kulainisha maji. Ni chumvi ya mawe makubwa, safi, isiyo na madini joto wala unga wa kuzuia kugandamana. Najua Tanga kuna mashamba ya chumvi hapo hapo, lakini ya shambani ina mchanga, na ya mezani imechanganywa vitu. Mwambie mdogo wako kontena lijalo atie mifuko miwili mitatu ya chumvi ya mashine. Baada ya kuijaza, weka kiwango cha ugumu wa maji kwenye mashine kama kitabu kinavyoelekeza, maana mashine imetoka Uingereza ikiwa imepangiwa maji ya huko.

Lakini kulainisha maji si kuondoa chumvi ya bahari. Visima vingi vya pwani vina chumvi hiyo hasa, na mashine haiigusi. Inapita kama ilivyokuja na kula chuma cha ndani, kile mnachoambiwa hakishiki kutu. Hushika, vidoa vidogo vya kahawia kwenye kona na kwenye nyaya za vikapu. Onja maji ya kisima chako. Kama ulimi unasema chumvi, mashine isiyanywe. Unachoweza kufanya ni kuweka tangi dogo la pembeni, la maji ya mamlaka peke yake, kwa ajili ya mashine. Mzunguko mmoja hutumia lita 9 hadi 15 hivi, kwa hiyo hata tangi la lita 200 linakufikisha mbali. Kama hilo haliwezekani na kisima kina chumvi, basi namuunga mkono mzee: iuzeni.

Tukubaliane kwamba maji yamekubali. Bomba za nyumba zetu ni za nusu inchi, na mpira wa mashine una mdomo wa robo tatu. Omba dukani koki ya mashine ya kufulia: upande mmoja nusu, upande wa pili robo tatu. Iwekwe ndani ya kabati la sinki mkono unapofika, si nyuma ya mashine. Kama mwishoni mwa mpira kuna boksi la plastiki, lile lina valvu ya umeme ya kuzuia mafuriko. Mpira huo haukatwi wala kufupishwa.

Mpira wa maji machafu ndio mafundi wengi wanaokosea. Usishuke tu kutoka kwenye mashine kwenda kwenye tundu la sakafuni. Unapotoka kwenye mashine upande kwanza hadi karibu kabisa na chini ya slabu, ufungwe pale, ndipo ushuke kwenye trapu ya sinki, lile bomba lililopinda chini ya sinki. Usipopanda, ama mashine itajimwaga yenyewe huku ikijaza, ama maji ya sinki yenye mafuta ya samaki yatarudi ndani ya vyombo visafi. Nunua trapu yenye kipua cha pembeni kwa juu, kabla ya maji yanayotuama. Na kipua hicho kikiwa kipya mara nyingi kimezibwa kwa plastiki kwa ndani. Kitoboe! Nimeitwa mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka kwa sababu ya kile kiplastiki.

Mipira na waya vitapita kwenye ukuta wa kati, kwa hiyo toboa tundu la sentimita sita hivi, chini nyuma. Upana huo ni ili plagi ipite nzima, usije ukaikata. Ukishapitisha, ziba pengo kwa wavu wa chuma. Panya wa pwani anautafuna mpira kama muwa.

Umeme wa Uingereza ni kama wetu, volti 230, na plagi yake ya pini tatu bapa inaingia bila adapta. Ingetoka Marekani tungekuwa na mazungumzo mengine. Lakini hita yake inavuta wati 2,000 hadi 2,400, yaani karibu ampea 10. Hivyo hakuna ekstensheni, na ile friji gadi uliyonayo, kifaa cha kulinda friji, usiihamishie huku, nyingi ni za ampea 5. Mpate fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aweke soketi yake peke yake, ndani ya kabati la jirani, juu, mbali na trapu. Apime pia kama nyumba ina ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) inayofanya kazi kweli, na aweke breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Maji, bati na mtu mwenye miguu mitupu kwenye marumaru: hapo sibishani na mtu.

Na mtungi wa gesi? Hukuuliza, lakini ndio uliokuwa na makazi pale. Usiuhamishie kwenye kabati lenye soketi hiyo, wala kabati lolote lililofungwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini na kungoja cheche. Mtungi utoke nje, kwenye kivuli na penye hewa, mpira upite ukutani kwenye bomba la kinga. Fanya hilo kabla mashine haijaingia.

Siku ya kuingiza muwe wawili, mashine ina kilo 45 hadi 50. Mmoja asukume kwa chini, mwingine awe ndani ya kabati la sinki akivuta mipira taratibu isikunjike. Nyuma, chini, mashine nyingi zina pengo la kupitisha mipira, ilale humo. Isipoingia hadi mwisho, usiibane. Ikitokeza sentimita tatu haina neno, na kwa kweli mlango wake lazima uwe mbele kidogo ya milango ya makabati, la sivyo utagonga ukifunguliwa. Weka pima maji (kile kifaa chenye kiputo) ndani ya mlango uliofunguliwa, kushoto kulia na mbele nyuma, uzungushe miguu mpaka ikae sawa.

Kisha ifunge. Mashine tupu hutulia, lakini ukifungua mlango na kuvuta vikapu viwili vya sahani kwa pamoja, inainama mbele. Kwa kuwa juu yako ni zege, usitoboe huko; pigilia fito la mbao kila upande wa uwazi kwa plagi za ukutani, na ukaze vipande vya bati vya mashine kwenye mafito hayo. Tumia matundu yaliyopo tu. Aliyetoboa ubavu wa mashine kwa drili yake mwenyewe ametoboa beseni la maji.

Limebaki kabati la droo. Kama ubao wake ni MDF, ule wa unga wa mbao uliobanwa, kingo zake mbichi zitavimba kwa mvuke. Zipige rangi ya mafuta mara mbili, au zibandike utepe wa alumini, hasa ukingo wa juu unaotazama mlango wa mashine. Na mkishaanza kuitumia, sufuria zenu za alumini msizitie humo, zitatoka nyeusi. Mwiko na mbuzi ya nazi nazo ziendelee kuoshwa kwa mkono.

Ukimaliza kupima mara tisa, niandikie namba ndogo ya upana, urefu chini ya ukingo wa graniti, na ndoo ilijaa kwa sekunde ngapi. Kwa hizo tatu nitakuambia kama ni plasta au ni pampu ya kuanza nayo.